Kola ya Ndambuki

Ungeuliza Ndambuki pale Kitengela mwaka wa tisini na tano, ungezungushwa mpaka jioni. Ungeuliza Kola, ungepelekwa mpaka mlangoni. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara ya Namanga, mabati machache juu ya nguzo za mkaratusi, yamejaa vumbi hadi rangi yake ya kwanza ikasahaulika. Hapo ndipo alipochomelea mabomba ya moshi ya magari. Hakugusa injini, hakugusa breki, hakugusa nyaya za umeme. Alikuwa fundi wa ekzosi, basi, na ukimletea gari lenye maradhi mengine alikuelekeza kwa jirani bila hata kuinua miwani ya kuchomelea.

Jina la Kola lilitokana na pete ya chuma. Mwaka wa tisini na moja mwalimu mmoja alimletea gari dogo la petroli, kuukuu, lililokuwa likipiga kelele hadi ng'ombe wanatoka barabarani kabla halijafika. Ndambuki alibadilisha gasketi, akaziba matundu matatu kwenye bomba, na alipofika mkiani akakuta bomba alilokuwa nalo limepwaya. Akakata pete kutoka kwa bomba jingine, akaichomelea kwa ndani ili vipande vishikane. Njia ya moshi ikawa nyembamba kidogo pale penye pete, lakini hilo halikumsumbua. Wiki iliyofuata mwalimu akarudi akicheka.

"Fundi, uliifanya nini hii gari? Inavuta kama mpya!"

Sasa, mtu akisifiwa kwa jambo asilolielewa ana njia mbili. Anaweza kusema hajui, au anaweza kutafuta maelezo. Ndambuki alikuwa amehama Mbooni na sanduku moja na mke, hakuwa amewahi kusifiwa na mwalimu, na maelezo yakaja yenyewe. Zamani, Machakos, alimsikia fundi mmoja wa malori akisema kwamba injini inahitaji presha ya nyuma. Akashika neno hilo kwa mikono miwili.

"Weka mkono mbele ya mdomo," alimwambia mwalimu. "Sasa pumua mdomo wazi. Unasikia nini?"

"Joto."

"Nguvu iko?"

"Hakuna."

"Sasa bana midomo, puliza. Unaona? Hiyo ndiyo presha ya nyuma. Gari ikipumua mdomo wazi, nguvu yote inamwagika. Nimeivalisha kola, sasa inasukuma."

Mwalimu alipuliza mkono wake mara tatu, akaondoka ameamini. Ndambuki naye alipuliza wake alipobaki peke yake, akaamini zaidi ya mwalimu.

Baada ya hapo watu hawakuja tena kutengeneza ekzosi. Walikuja kuwekewa kola. Walitoka Isinya, walitoka Ngong, walitoka hata Gataka huko Rongai, na kila mmoja alipulizishwa mkono kabla ya kazi kuanza. Ndambuki alipenda sehemu hiyo kuliko kazi yenyewe, tusifiche. Magari yale ya petroli yalikuwa mabovu kiasi kwamba lolote ulilofanya liliyasaidia, na kwa kuwa alibadilisha gasketi na kuziba matundu kila mara, yaliondoka yakiwa kimya na yakivuta. Sifa zote zilienda kwa kola. Dalmas, mtu mzima aliyefanya kazi naye miaka mitano, alipojitenga na kufungua kibanda chake mjini Kajiado karibu na soko la mifugo, aliandika kwa rangi nyekundu ubaoni: KOLA ORIGINAL.

Jirani wa Ndambuki nyumbani alikuwa Okoth, karani katika ofisi moja ya serikali huko Kajiado, mtu wa Nyakach, mrefu, msafi, mwenye kupiga pasi mpaka soksi. Mke wake, Jentrix, alikuwa muuguzi wa zahanati, na binti yao aliitwa Melvin. Mutheu, binti wa Ndambuki, alipopatwa na malaria kali, Jentrix ndiye aliyekesha naye, na tangu siku hiyo nyumba mbili zikawa moja, ugali ukisongwa huku unaliwa kule. Kwa hiyo mwaka wa elfu mbili, Okoth alipopunguzwa kazini pamoja na makarani wengine chungu nzima, habari hiyo ilimfikia Ndambuki kabla ya kuwafikia ndugu zake Okoth.

Okoth hakulia. Alichukua alichopewa, akaenda Mombasa, akarudi na gari jeupe la abiria kutoka Japani, lililotumika lakini zima, lenye injini ya dizeli na turbo. Akakubaliana na walimu na wafanyakazi wa ofisi waliokaa Kitengela kuwapeleka Kajiado asubuhi na kuwarudisha jioni. Siku aliyolileta alilipeleka kwanza kwa Ndambuki, kabla hata Jentrix hajaliona.

"Baba Mutheu, tazama vizuri," alisema. "Hii ndiyo ofisi yangu sasa. Ikikufa, tunarudi Nyakach, na huko sina hata pa kusimama. Ndugu zangu waligawana shamba kitambo."

Ndambuki akaingia chini ya gari. Akaona, kati ya injini na bomba la moshi, kitu cha chuma chenye umbo la konokono. Alikuwa amekiona kwenye malori lakini hakuwahi kukifungua.

"Hii ni nini, Baba Melvin?"

"Ndiyo turbo. Waliniambia inasukuma hewa ndani ya injini. Ndiyo inapea gari nguvu."

"Aaa, ni pampu ya hewa."

Hakuuliza pampu hiyo inazungushwa na nini, na hilo ndilo swali ambalo angetamani baadaye awe ameliuliza. Alitambaa nje, akajipangusa, akasema kazi hii hailipwi, ni zawadi kwa jirani. Akalikatia gari la Okoth kola nzito kuliko zote alizowahi kutengeneza, nyembamba tunduni, imara pembeni. Okoth alipuliza mkono wake akicheka, kwa sababu maelezo alikuwa ameyasikia mara mia.

Miezi ya kwanza gari lilikwenda vizuri, na lilikuwa kimya hadi walimu walisinzia ndani yake. Kisha likaanza kulegea kwenye mwinuko wa baada ya Isinya. Okoth alikanyaga mafuta, gari likatoa moshi mweusi badala ya kukimbia. Mshale wa joto, uliokuwa umelala katikati, ukaanza kupanda. Okoth alilirudisha kwa jirani yake.

"Kola imelegea," Ndambuki alisema baada ya kusikiliza. "Inapoteza presha."

Akaikaza kwa kuchomelea pete nyingine ndani yake. Akasafisha kichujio cha hewa pia, maana kilikuwa kimejaa vumbi, na kwa wiki mbili gari likawa na nafuu. Likachoka tena. Akaikaza tena. Kila alipoikaza gari lilizidi kuwa kimya, na Okoth aliuchukua ukimya huo kuwa afya. Mara ya tatu gari lilimshinda huko huko Kajiado, akampelekea Dalmas, na Dalmas akaikaza kwa kufuata yote aliyofundishwa na Ndambuki, mpaka tundu la kupitisha moshi likabaki la kuingiza kidole gumba tu.

Mtu mwingine angejiuliza mbona dawa inaongezwa na mgonjwa anazidi kulegea. Lakini pale Kitengela hakuna aliyejiuliza, na Ndambuki ndiye aliyehakikisha hawajiulizi.

Mwanzoni mwa mwaka wa elfu mbili na tatu, Jumapili moja baada ya ibada, Jentrix aliweka meza nje ya kanisa kupima watu presha. Ndambuki alikaa kwa kuona haya tu, kwa sababu mke wake alikuwa amemsukuma. Jentrix alimfunga kitambaa mkononi, akapuliza kwa kile kipira, akatazama mshale wa kipimo, akapuliza tena.

"Baba Mutheu, uko na presha. Na iko juu sana."

"Presha si ni nguvu?" Ndambuki alitania.

"Nguvu gani? Mishipa yako imebana. Moyo unasukuma damu, damu inakuta njia nyembamba, inarudisha nguvu nyuma. Moyo unasukuma zaidi. Unachemka, unachoka, siku moja unapasuka." Alimfungua kitambaa. "Ile mambo yako ya kupuliza mkono, hebu panda mlima ukipumua midomo imebanwa vile. Utafika?"

Watu kwenye foleni walicheka. Ndambuki hakucheka. Alibaki kwenye kiti mpaka aliyefuata akamgusa bega.

Hakwenda kula. Alikwenda kwenye kibanda, ingawa ilikuwa Jumapili, akatafuta kwenye rundo la vyuma chakavu turbo ya lori iliyotupwa. Akaifungua, akaipangusa kutu na masizi, akaitia oili mpaka gurudumu lake dogo likazunguka kwa kidole. Kisha akaweka mdomo pale ambapo moshi wa injini huingilia, akapuliza. Gurudumu likazunguka. Upande wa pili gurudumu pacha likazunguka pamoja nalo, likavuta hewa. Ndipo akajua kinachoizungusha pampu: ni moshi wenyewe unapotoka. Akapuliza tena, safari hii akiwa amefunika njia ya kutokea kwa kiganja, akaacha upenyo wa kidole gumba. Gurudumu likapunguza mwendo, likasimama. Pumzi yake ikamrudia usoni, ya moto.

Akarudia mara nyingi, mzee mzima anapuliza chuma siku ya Bwana, mpaka kichwa kikamzunguka. Kila mara jibu lilikuwa lile lile. Moshi usipotoka, turbo haizunguki. Isipozunguka, hewa haiingii. Mafuta yanaungua vibaya, yanakuwa moshi mweusi, na joto lote linabaki ndani linapika injini. Akakumbuka gari la mwalimu, gasketi mpya, matundu matatu yaliyozibwa. Kola haikuwa imefanya chochote siku ile. Kwa miaka kumi na miwili haikuwa imefanya chochote, na sasa, kwenye gari la Okoth, ilikuwa inaua. Aliogopa vile ambavyo hakuwahi kuogopa tangu ugonjwa wa Mutheu.

Jioni ile ile alimkuta Okoth akiosha gari.

"Baba Melvin, nataka kutoa ile kola."

Okoth akasimama na kitambaa mkononi. "Kutoa?"

Hapa ndipo Ndambuki alipokosea kuliko alivyokosea chini ya gari. Neno alilopaswa kusema lilikuwa fupi: nilikosea. Lakini nyuma ya neno hilo aliona magari yote ya barabara ya Namanga, aliona ubao wa Dalmas, aliona watu aliowapulizisha mikono. Likamkwama.

"Nataka niisafishe tu," alisema. "Masizi imejaa. Wacha niitoe siku kama mbili hivi, gari itembee bila."

"Itembee bila kola? Wewe ndiye uliniambia ikitembea bila, nguvu inamwagika." Okoth aliinua mkono mbele ya mdomo na kupuliza, kwa mzaha. "Umechoka, Baba Mutheu. Mama Melvin ameniambia uko na presha. Pumzika kwanza. Jumatatu hadi Ijumaa ni walimu, Jumamosi niko na watu wa harusi Kajiado. Jumapili nitakuletea, uisafishe vile unataka."

Ndambuki alienda kwa Jentrix jikoni. Kwake alisema yote, kwa sauti ya chini, kwa sababu kwa Jentrix hakuwa na sifa ya kulinda. Jentrix alimsikiliza mpaka mwisho, akaamini. Siku mbili baadaye alimletea majibu akiwa amekunja uso.

"Nimemwambia. Ameniuliza nimesomea magari wapi. Ati niendelee kupima watu."

Wiki nzima Ndambuki alisimama kibandani kila saa kumi na mbili na nusu asubuhi kulisikiliza gari likipita. Lilikuwa likihema. Aliwahi hata kulisimamisha Alhamisi, akiwa na msumeno wa chuma mkononi ili aikate kola, lakini lilikuwa limejaa walimu waliochelewa, wakampigia kelele apishe.

Jumamosi lilikufa. Watu wa harusi walikuwa ndani, wamevaa, wanaimba, na kwenye mwinuko wa baada ya Isinya gari likahema, likasimama, nyimbo zikakatika. Habari ilipofika Kitengela, Ndambuki alisimamisha pikapu ya mfugaji mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akienda sokoni.

"Sopa, Kola," alisalimiwa.

"Ipa," aliitikia, akapanda nyuma na mbuzi.

Alikuta Dalmas amefika kutoka Kajiado na tayari amefungua. Silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa imepasuka. Oili imejaa kwenye bomba la hewa, gurudumu la turbo limekwama, halisogei hata kwa bisibisi. Okoth alikuwa amekaa kwenye jiwe, shati limeingia mafuta, na kwa mtu anayepiga pasi mpaka soksi hiyo peke yake ilitosha kukuvunja moyo.

"Hizi injini za turbo ni mbovu," Dalmas aliwaambia watu. "Na kola ilikuwa imelegea. Presha ilikuwa inatoroka."

"Si hivyo," Ndambuki alisema. Watu wakageuka. Sasa neno lilitoka, likatoka lote. "Kola ndiyo imeua hii gari. Mimi ndiye niliiweka. Nilikosea, na nimewafundisha makosa nyote. Turbo inataka moshi itoke. Mimi nimeifunga. Baba Melvin, ni mimi nimeua gari yako."

Kisha Okoth akainuka, akamwekea mkono begani, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya shukrani.

"Usijilaumu hivyo, Baba Mutheu. Ulinifanyia bure. Hakuna mtu anaweza kusema ni wewe."

"Mzee ako na roho safi," alisema mmoja wa watu wa harusi.

"Mwalimu wangu huyo," Dalmas akasema kwa majivuno. "Makosa ya chuma anabeba yeye."

Ndambuki alirudia. Alieleza gurudumu, moshi, joto. Alijaribu hata kuwaonyesha kwa turbo ile iliyokwama, lakini ilikuwa imekwama, haikuonyesha kitu. Kadiri alivyojishtaki ndivyo walivyomhurumia. Dalmas alimletea maji ya kunywa.

Kanisa lilichanga. Ilichukua miezi minne, na Okoth alikuwa ameshauza makochi na friji, na Melvin, binti yake, alikuwa nyumbani bila shule, lakini injini nyingine ilipatikana Nairobi, ya aina ile ile, na turbo yake. Dalmas aliifunga. Ilipowaka, gari likiwa halina kola bado, lilipanda na kushuka barabara ya Namanga likinguruma kwa sauti nzito, bila moshi, mshale wa joto umelala. Ndambuki alilisikia kutoka kibandani akaweka vyombo chini kwa furaha. Dakika tano baadaye likaegeshwa mbele yake.

"Nimekuja," Okoth alisema. "Safari hii tusingoje mpaka ianze kuchoka. Weka kola kutoka siku ya kwanza. Unasikia vile inapiga kelele? Nguvu yote inamwagika."

"Siweki, Baba Melvin."

"Nitalipa. Sitaki bure tena."

"Si pesa. Iache hivyo. Nakuomba. Hiyo kelele ndiyo afya yake."

"Umewekea Kitengela yote. Umewekea watu hujui hata majina yao." Sauti ya Okoth ilianza kutetemeka. "Mimi unaninyima kwa nini? Kwa sababu kanisa limenichangia?"

Ndambuki alipiga magoti. Kweli, kwenye vumbi, mbele ya wapita njia, fundi mwenye mvi alipiga magoti na kumwomba jirani yake asibane bomba la gari lake mwenyewe. Okoth aliona aibu, akaona labda ni ile presha imepanda kichwani, akamwinua kwa upole. Kisha akaliwasha gari, akaelekea Kajiado kwa Dalmas. Jioni lilirudi kimya.

Kuanzia siku hiyo Okoth alipita bila kupiga honi. Jentrix na mke wa Ndambuki walisalimiana kwenye mfereji, wakachota maji, wakaachana. Ndambuki aliacha kuweka kola, akaipinga kwa kila aliyekuja, na waliokuja wakaenda kwa Dalmas. Kazi ilipungua. Kila asubuhi alilisikiliza gari jeupe, akajua ni wiki gani lilianza kuhema, na ni wiki gani Dalmas aliikaza tena. Usiku mmoja alikwenda mpaka lilipoegeshwa, na msumeno, akakuta Okoth ameanza kulala ndani ya gari kwa kuogopa wezi. Akarudi.

Mwaka wa elfu mbili na nne, Jumatano moja ya mwezi wa saba, gari lilipita saa kumi na mbili na nusu likihema kuliko siku zote. Karibu saa mbili mwalimu Immaculate, aliyepanda gari la Okoth tangu siku ya kwanza, alishuka kwenye lori lililotoka upande wa Isinya, akaja moja kwa moja kibandani.

"Imekufa, mzee. Pale pale. Imepasuka kama ile ingine."

Ndambuki alikaa chini.

"Baba Melvin amenituma," Immaculate akaendelea, na alisema kwa upole, kama mtu anayeleta habari njema kidogo ndani ya mbaya. "Anasema umsamehe vile alikasirika. Anasema Dalmas hakuikaza vizuri, ni wewe ulikuwa unajua. Anasema wanarudi Nyakach mwisho wa mwezi, lakini kwanza anaomba ufike pale gari ilipokufa."

Ndambuki alimshukuru kwa kumfikishia ujumbe. Akachukua msumeno wa chuma, akavuka barabara, akasimama upande wa magari ya kwenda Isinya, ingawa alijua hakuna kitu kilichobaki cha kukata.